Daftari la Safu Tatu

3 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Ipokee barua hii ukiwa umekaa na miwani iko usoni, ile niliyokutengenezea mwenyewe, maana nimeandika kwa herufi ndogo. Naandika nikiwa dukani, kwenye meza ya kusagia vioo, saa ya chakula cha mchana. Mama Miwani, mwenye duka, ameniruhusu. Nisingeweza kukupigia simu. Simu yangu hukaguliwa kila jioni, na anayeikagua huiomba kwa adabu kabisa: "Mke wangu, tafadhali." Nami humpa, naye hunishukuru.

Unakumbuka ulivyofurahi siku ya harusi yetu? Ulisema, "Mpima ardhi huyu, atakupa mipaka iliyonyooka." Tukacheka. Sasa ngoja nikwambie mipaka yenyewe.

Kutoka dukani hadi nyumbani ni dakika kumi na tisa kwa miguu. Alizipima mara tatu, moja ikiwa kwenye mvua. Nikitumia ishirini na sita, huniuliza zile saba nimemwachia nani. Hapigi kelele. Hukaa, hukunja mikono, husubiri. Nikisema nilipita kununua sabuni, huomba kuiona sabuni. Nikimwonyesha, huuliza kwa nini nilikumbuka kununua ushahidi.

Juzi mteja mmoja mzee alifurahia miwani yake, akaniletea mfuko wa machungwa. Nikayafikisha nyumbani nikichekelea. Mume wangu akayapanga mezani, akayahesabu. "Kumi na moja," akasema. "Mtu haleti machungwa kumi na moja. La kumi na mbili mlilila wapi?"

Rafiki zangu wanasema nina bahati ya kupendwa. Mmoja aliniambia, "Wangu hata nikipotea wiki nzima, ataulizia chumvi tu." Wakacheka, nami nikacheka kuliko wote.

Usije ukamwona mbaya mtupu. Nilipopata homa alininawisha miguu, akakaa siku mbili bila kwenda kazini. Na kazini wanampenda. Wamempa jina la Pima Tena, kwa sababu hapokei kipimo cha mtu mwingine; hata kama mkuu wake ndiye aliyesimamia jiwe la mpaka, yeye hurudi na kifaa chake. Wamempandisha cheo kwa tabia ile ile inayonimaliza mimi.

Jambo kubwa nimelichelewesha. Nina mimba ya wiki saba. Hajui. Asubuhi moja nilikuwa nimefungua kinywa nimwambie, naye akaniuliza huku akipaka mkate siagi, "Mama Miwani ana kaka?" Nikasema anaye. "Hukuwahi kuniambia." Neno likanirudi kooni. Mtu aliyepotelewa na chungwa moja, nitamwambiaje kwamba nina mtoto?

Wewe umefanya kazi wodi ya wagonjwa wa akili miaka thelathini na moja. Niambie, huu ni wivu, au ni kitu chenye jina? Na kama kina jina, kina dawa? Nataka mtoto huyu azaliwe kwa baba anayeamini kuwa ni wake. Sina ombi jingine.

Jibu kupitia dukani.

Chiriku wako


11 Februari

Chiriku, mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kama shangazi, mara ya pili kama muuguzi. Mara ya kwanza nilifuta macho. Mara ya pili nilichukua kalamu.

Tuanze na swali lako. Wivu wa kawaida una mlango wa kutokea. Mwenye wivu akionyeshwa kwamba amekosea, hupumua, huona haya, huomba chai. Mtu wa aina ya mumeo akionyeshwa kwamba amekosea, huogopa zaidi, kwa kuwa sasa anajiuliza ni nani aliyetengeneza uthibitisho mzuri kiasi hicho. Vitabuni tunauita ugonjwa wa haiba. Haiba ni lile umbo la ndani ambalo mtu hukua nalo. Kwa wengi wetu ni kama udongo wenye maji kidogo: maisha yakibonyeza, unabonyea. Kwa wachache umekauka mapema, na chochote kinachougusa ama kinavunjika ama kinauvunja.

Usichanganye na wazimu. Mwenye wazimu husikia sauti ambazo hazipo. Mumeo husikia zilizopo, ila kila moja anaona inamsema yeye. Anaweza kufanya kazi, kupanda cheo, kuchekesha wageni. Anayeuona ugonjwa ni mmoja tu, yule anayekula naye meza moja. Ndiyo maana wake na waume wa watu hawa huonekana waongo wakisimulia.

Dawa ya kumeza, hakuna ya kutegemea. Kuna kuzungumza na daktari, tena kwa miaka, kama mwenyewe atakubali. Kumkubalisha ndiyo kazi. Hapo tunahitaji maandishi.

Wodini kila mgonjwa mgumu alikuwa na daftari la kitandani. Lina safu tatu. Ya kwanza, kilichotangulia. Ya pili, alichofanya. Ya tatu, kilichofuata. Sheria yake ni moja: andika kile ambacho jicho limeona. Usiandike "alikasirika"; kukasirika hakuonekani. Andika "aliweka kikombe chini bila kunywa." Na uandike papo hapo, humo humo nyumbani, kwa sababu kumbukumbu huanza kupamba mambo kabla ya saa moja kupita. Daktari niliyefanya naye kazi bado anapokea wagonjwa. Nikimpelekea wiki sita za daftari safi, atajua aanzie wapi.

Habari ya mtoto, subiri kwanza. Mtu kama yeye hupokea habari njema kama swali. Mwache aipokee mbele ya mtu anayejua kumshika.

Kula vizuri. Usinyanyue vitu vizito.

Shangazi yako


2 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Daftari linakwenda. Nimelificha katika kile kisanduku cha zamani cha vioo vya kupimia macho, alichonipa Mama Miwani nilipoolewa. Kiko juu ya kabati la jikoni na hakuna anayekihitaji. Nakunakilia kidogo uone kama mwanafunzi wako anafaa.

Tarehe 19. Kilichotangulia: nilichelewa dakika nne, mvua. Alichofanya: alishika nywele zangu kuona kama zimelowa kweli. Kilichofuata: nilimwomba radhi.

Tarehe 22. Kilichotangulia: jirani alinisalimia kwa jina langu. Alichofanya: aliacha kula, akaosha sahani yake, akaipangusa, akairudisha kabatini. Kilichofuata: nilimwomba radhi.

Tarehe 26. Kilichotangulia: hakuna. Alichofanya: aliimba akichemsha chai, akaniletea kitandani. Kilichofuata: nilimwomba radhi.

Hiyo ya mwisho nilicheka peke yangu. Aliniuliza, "Radhi ya nini tena?" Nikasema sijui, mdomo umezoea. Naye akacheka! Tulikaa pale tunacheka kama wale watu tuliokuwa zamani, na mimi nikawaza, mwambie sasa, mwambie, ameshika kikombe, anacheka, mwambie. Nikakukumbuka wewe. Nikanyamaza.

Nakiri daftari linanituliza. Akianza maswali, zamani nilitetemeka. Sasa nasema moyoni, safu ya pili, safu ya pili, na namtazama kama namtazama mteja ninayempima macho. Amekwisha kuniuliza mara moja, "Mbona unanitazama hivyo?" Nikamwambia, "Hivyo vipi?"

Kichefuchefu kimepungua. Nguo zangu bado zinanitosha.

Chiriku


9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Ungekuwa chini yangu wodini ningekupa zamu ngumu bila wasiwasi. Maandishi yako ni safi. Hiyo ya sahani niliwasomea wenzangu wawili wastaafu, bila kutaja mtu, na mmoja alisema, "Huyu aliyeandika amesomea wapi?"

Nimeona kwamba safu ya tatu inajirudia. Usione haya. Kuomba radhi ambako hakuna kosa ni njia ya kununua utulivu, na kila anayeishi na mgonjwa wa namna hii huishia hapo. Wewe endelea kuandika tu. Jambo likionekana mara nyingi kwenye karatasi huanza kupoteza nguvu.

Kuhusu asubuhi ile ya kikombe, ulifanya vyema kunyamaza. Najua ilikuwa vigumu. Lakini kicheko si kipimo. Tunahitaji majuma mengine machache, kisha tutamwambia kwa mpango.

Shangazi yako


24 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Kalamu yangu ya bluu ya hapa dukani imekwisha, hii nyeusi ni ya Mama Miwani, nivumilie ikivuja.

Kuna jambo. Wiki nzima hajaniuliza kitu. Hata simu hajaiomba. Siku moja nilichelewa nusu saa na zaidi, mteja alivunja fremu, nikaenda nyumbani mbio huku natunga maelezo. Nikamkuta amekaa. Akasema, "Pole na kazi." Basi.

Kubwa zaidi, jana akaniambia bila kuulizwa: "Nimekuwa nafikiri. Pengine nahitaji kuzungumza na mtu. Daktari. Ukinisindikiza nitakwenda." Nikadhani nimesikia vibaya. Nikamwambia nitakusindikiza hata kwa magoti. Akatabasamu, lakini macho yake yalikuwa kwenye mikono yangu.

Kwenye daftari bado naandika mambo ya woga, mkono ndivyo ulivyozoea. Lakini hapa nakuandikia moyo wangu. Nataka kumwambia Jumamosi ya wiki ijayo. Nimechoka kumficha. Kila nikifunga kitenge kiunoni najiona mwizi. Ni wake, Shangazi, na anajitahidi, na ana haki ya kujua kutoka kwangu.

Nipe ruhusa. Najua mimi ni mtu mzima na sihitaji ruhusa, ila nipe.

Chiriku wako


30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimefanya haraka ili barua hii ikufikie kabla ya Jumamosi.

Usimwambie habari ya mtoto bado. Nisikilize vizuri. Katika miaka yangu yote, utulivu wa ghafla ndio tulioufuatilia kwa karibu kuliko kelele. Mgonjwa anayepiga ukuta unajua alipo. Anayenyamaza ghafla amekwisha kuamua kitu, na swali ni kitu gani. Umeandika mwenyewe kwamba alitazama mikono yako. Kwa nini mikono? Liandike hilo.

Simkatishi tamaa mtu. Kama kweli amekubali kwenda kwa daktari, basi tushukuru na tumshike hapo hapo. Nimekwisha kuzungumza na Daktari: atawapokea tarehe 16 Aprili, saa nne asubuhi. Utamwambia mumeo habari ya mtoto ndani ya chumba kile, mbele ya mtu wa tatu. Zimebaki wiki mbili tu. Umevumilia nyingi kuliko hizo.

Mpaka siku hiyo, usiuamini utulivu. Andika kila kitu.

Shangazi yako


12 Aprili

Mama Mkwe,

Shikamoo. Mimi ni mume wa mpwa wako. Tulionana siku moja tu, ya harusi, nawe ulinishika mkono muda mrefu kuliko wageni wengine. Sasa nafikiri ulikuwa unanipima mapigo.

Nitaandika kwa mpangilio.

Tarehe 9 Machi niliona kisanduku kilicho juu ya kabati la jikoni kimesogea. Kikasogea tena kila siku kwa siku saba, kati ya nusu sentimita na moja na nusu. Tarehe 17 nilikifungua. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni, nikasoma daftari lote.

Wewe unapenda kueleza watu, kwa hiyo nieleze hili: nilihisi nafuu. Tangu utoto nimeambiwa kwamba hakuna anayenitazama. Mama yangu alisema hivyo, walimu walisema hivyo, mke wangu alinishika uso kwa mikono miwili akasema, "Hakuna mtu anayekufuatilia, mpenzi." Na hapo nimeshika daftari lenye tarehe, siku kwa siku, la mtu anayenitazama. Kwa dakika chache nilijiona mzima wa akili kuliko watu wote ninaowajua.

Kisha nikaiona safu ya tatu. Nilimwomba radhi. Nilimwomba radhi. Zilikuwa ishirini na sita. Sikuwa najua. Mimi nilidhani tunazungumza.

Sikumwambia kwamba nimeona. Niliamua kumpa kitu kizuri cha kuandika. Alipochelewa dakika thelathini na moja, niliuma ulimi mpaka ukatoka damu, nikasema pole na kazi. Kila alipotoka kwenda dukani nilipanda kwenye kiti, nikafungua kisanduku nisome ya jana, kama mwanafunzi anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Tarehe 18: "Hakuuliza. Sijui anapanga nini." Tarehe 20: "Hakuuliza. Naogopa." Tarehe 22: "Alicheka. Kicheko cha namna gani?"

Mama Mkwe, hayo ni maneno yangu. Ndani ya nyumba ile, mwenye kusema hivyo nilikuwa mimi.

Niliposema nitakwenda kwa daktari nilikuwa nasema kweli. Wakati huo nilidhani wazo ni langu.

Tarehe 5 Aprili nilikuta barua yako imekunjwa ndani ya daftari. "Usimwambie habari ya mtoto bado." Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nitakuwa baba, au kwamba mtu fulani atakuwa baba. Nilimsubiri arudi. Nimemwomba aondoke. Sikumgusa na sikupaza sauti, atakuambia mwenyewe. Vitu vyake nilivifunga mimi, vyenye kuvunjika nikavizungushia magazeti.

Unaweza kusema ni mtoto wangu. Pengine ni kweli. Lakini waliokuwa na uwezo wa kuniambia nikaamini, walikutana wakakubaliana wasiniambie.

Kwa daktari wako siendi.

Mkweo


17 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Niko chumba cha nyuma ya duka. Mama Miwani amenitandikia godoro kati ya makasha ya fremu. Nakwambia ilivyokuwa ili usisikie upande mmoja.

Nilimkuta amesimama katikati ya sebule, barua yako mkononi. Hakusema nimesaliti, hakusema neno baya. Aliuliza, "Wanaojua ni wangapi?"

"Shangazi," nikasema.

"Na nani?"

"Mama Miwani."

"Na nani?"

"Daktari. Shangazi alimwambia Daktari."

Akahesabu kwa vidole, polepole. "Basi mimi ni wa tano, ukijihesabu na wewe."

Nikamwambia, "Ni wako. Nakuapia kwa kaburi la baba yangu ni wako. Nilitaka kukuambia. Nilikuwa nakuogopa."

"Najua," akasema. "Nimesoma."

Kisha akaniuliza jambo moja tu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba: "Kuna siku hata moja ulitaka kuniambia na hukuogopa?" Nikamwambia ipo, tena hivi karibuni. Akasema, "Haimo kwenye daftari." Na kweli haimo, Shangazi. Niliiandika kwako.

Sasa nakuomba. Ile barua yangu ya tarehe 24 Machi unayo. Ndiyo karatasi inayoonyesha wazi kuliko zote kwamba nilitaka kumwambia kwa hiari yangu nikiwa na furaha. Mtumie. Usiieleze. Itume tu.

Mpwa wako


23 Aprili

Mkwe wangu,

Marahaba. Naambatanisha barua ya mke wako aliyoniandikia tarehe 24 Machi. Isome kabla hujamaliza hii yangu.

Umeona alivyoomba ruhusa ya kukuambia. Mimi ndiye niliyemnyima. Miaka thelathini na moja nilikuwa na funguo za milango na niliamini kwamba kumtazama mtu ni kumsaidia. Mara nyingine ilikuwa hivyo. Lakini mgonjwa wa wodini anajua kwamba daftari lipo. Limening'inia kitandani kwake, na akitaka hulisoma. Lako nililificha. Nilimfundisha mke wako kukufanyia kile kile ulichoogopa maisha yako yote, kisha ulipojitahidi nikamwambia asikuamini. Kosa ni langu, na umri wangu haulipunguzi.

Yeye hakukosea kitu ila kunitii. Mrudishe nyumbani. Kama hutaki kuniona tena, ni haki yako.

Shangazi wa mke wako


2 Mei

Mama Mkwe,

Shikamoo. Nimeipokea barua mliyoitaja kuwa ni ya tarehe 24 Machi.

Imeandikwa kwa wino mweusi. Daftari lake lote, kuanzia Februari hadi Aprili, ni la bluu, na tarehe 24 yenyewe ni ya bluu. Barua inaanza kwa kueleza habari ya wino kabla mtu hajauliza. Anayeeleza jambo ambalo hajaulizwa anajua kwamba ataulizwa.

Inasema yote niliyotamani kusikia, kwa mpangilio niliotamani. Mmeifanya vizuri. Ningekuwa mtu mwingine ningelia.

Nairudisha ndani ya bahasha hii.

Mkweo


9 Mei

Mwanangu,

Niliituma barua yako, na ameirudisha. Haamini kwamba ni ya kweli. Majibu yake nimeyaweka humu uyasome mwenyewe, maana nimechoka kukuchagulia cha kujua na cha kutojua.

Ningeweza kukueleza kwa nini ameisoma hivyo. Nilikueleza tangu Februari: uthibitisho mzuri humtisha. Nilikuwa nimeliandika hilo kwa mkono wangu, kisha nikafanya mambo kana kwamba wiki sita za maandishi zingemponya. Nilijivunia daftari lako. Niliwasomea watu. Kuna siku nilingoja kurasa zako kama watu wanavyongoja gazeti.

Alikuwa amekupa wiki moja, Chiriku. Wiki moja ya mtu anayejiuma ulimi. Sikuwahi kumwona mgonjwa wa aina yake akifanya hivyo, na nilipoletewa sikuitambua.

Nataka kuja nikae nawe hadi ujifungue. Sitasema kitu. Nitafua na kupika.

Nisamehe.

Shangazi yako


16 Juni

Mwanangu,

Sijapata jibu. Pengine barua ilipotea. Naandika tena kuuliza tu kama u mzima, na kama miguu inavimba. Ikivimba iinue juu ya mto.

Shangazi yako


2 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Barua zako zote mbili zilifika. Sikuwa na la kujibu, na kila nilipoanza niliona naandika kwa safu.

Amezaliwa tarehe 23 mwezi uliopita. Mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Mimi ni mzima. Usije sasa. Sisemi usije kamwe; nasema sasa hivi sitaki mtu wa kunitazama ninavyomshika mtoto wangu. Mteja akinyamaza kidogo, naanza kujiuliza anaficha nini. Mama Miwani aliniletea supu juzi, nikaitazama supu, nikamtazama yeye. Akasema, "Kunywa bwana, ni supu tu." Nikanywa, lakini nilikuwa nimeshafikiri. Tabia hii sikuolewa nayo. Nimetoka nayo huko, na nusu yake umenipa wewe.

Nakuandikia kwa sababu alikuja.

Ilikuwa saa tano asubuhi, duka lina wateja wawili. Alisimama mlangoni na koti lake la kazini, viatu vina udongo mwekundu wa mahali walipokuwa wakipima. Amekonda. Mama Miwani akawaambia wateja warudi baadaye, akatoka nao. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya kaunta, mtoto yuko mapajani.

Akasema, "Naweza kumwona?"

Nikasema, "Ni wako, mbona unaomba?"

Akaja polepole. Akapiga magoti sakafuni ili awe sawa naye. Hakumgusa kwanza. Kisha akatoa kidole kimoja akasogeza kofia, akaona sikio. Unajua masikio yake yeye, lile pindo la juu lililokunjika kama ukurasa uliowekewa alama. Mtoto analo, Shangazi. Upande wa kushoto, kama la baba yake kabisa. Mimi nililiona siku ile ile alipozaliwa, nikalia, nikasema basi, hapa hakuna wino, hakuna tarehe, hakuna mtu aliyeandika hili.

Akaligusa. Akagusa la kwake. Uso wake ukalegea, ukawa ule wa asubuhi ya kikombe cha chai, na mtoto akashika kidole chake akakibana. Nikahesabu pumzi zangu ili nisiseme neno lolote. Akanong'ona, "Anafanana na mimi."

Nikasema, "Ndiyo."

Akaniinulia macho, na nikaona kitu kikipita nyuma ya macho yake, kama mtu anayezima taa chumba kwa chumba. Akakitoa kidole chake mkononi mwa mtoto, taratibu, asimuumize. Akasimama, akakung'uta magoti.

"Mlitafuta sana," akasema, "mpaka mkampata mwanamume anayefanana nami."

Akaivuta ile kofia ikafunika sikio vizuri, maana mlangoni kulikuwa na upepo, akatoka.

Mpwa wako